Mfuko wa wajane hausomwi hesabu: je, tuendelee kutoa kupitia mikono ya viongozi wetu?

Mwalimu Mstaafu, Iringa (swali)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaleta jambo linalotusumbua usharikani kwetu, na ninaomba mnisaidie kulipima kwa Neno la Mungu na kwa uzoefu wenu. Dhehebu sitalitaja, wala sitamtaja mtu, kwa kuwa sitafuti kumwaibisha yeyote. Ninatafuta njia iliyo sawa.

Kwa miaka mingi tulikuwa na sadaka maalumu, iliyotolewa Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, kwa ajili ya wajane, yatima na wagonjwa wasio na wa kuwatunza. Fedha hiyo ilihesabiwa na wazee watatu mezani, watu wakiwa bado wamekaa. Kiasi kikaandikwa katika daftari kubwa la jalada gumu, na wiki iliyofuata mama wa diakonia akapita nyumba kwa nyumba na unga, mafuta, sabuni na madaftari ya watoto, kila aliyepokea akitia sahihi au dole gumba. Hazikuwa fedha nyingi, lakini hapakuwa na mjane wa usharika wetu aliyelala njaa bila mtu kujua.

Ulipoingia uongozi mpya tulielezwa kwamba mifuko yote itaunganishwa kwa muda, mpaka nyumba ya mchungaji iezekwe. Nyumba imeezekwa, ukuta umejengwa, gari limenunuliwa, na sadaka ya wajane bado inatangazwa kila mwisho wa mwezi kwa jina lile lile, ila hesabu haisomwi tena na daftari halionekani.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka huu, bibi mmoja anayelea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake alileta mayai sita yaliyofungwa katika kipande cha kanga. Yalinadiwa kama ilivyo desturi, yakanunuliwa kwa bei inayozidi ya sokoni mara kadhaa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilipomtembelea nyumbani baadaye, nilimkuta mjukuu wake wa pili amekaa barazani saa za masomo kwa sababu hana sare wala viatu. Bibi yule hakulalamika. Alisema tu kwamba mama wa diakonia hapiti siku hizi, akaniuliza kama anaumwa.

Nililifikisha jambo hili katika baraza la wazee. Nilijibiwa kwa mstari wa Zaburi, "Msiwaguse masihi wangu", kisha kikao kikafungwa kwa sala. Tangu hapo waumini wamegawanyika: vijana wengi wanataka sadaka zote zizuiliwe mpaka hesabu zisomwe, baadhi ya familia zimehamia makanisa mengine, na wazee wenzangu wananiambia ninyamaze, nimwachie Mungu. Ninauliza basi: je, Mkristo ana haki ya kumdai mchungaji wake hesabu? Je, ni halali kuwapelekea wajane sadaka yao moja kwa moja, bila kupitia meza ya kanisa? Na kunyamaza kunakuwa uvumilivu mpaka wapi, na kuanzia wapi kunakuwa dhambi?

Mhubiri wa Mtaa, Dodoma

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na mstari uliofungia kikao chenu, kwa sababu umefunga vikao vingi katika nchi hii na mara chache umesomwa pamoja na mistari iliyoutangulia. Zaburi ya 105 inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa bila ardhi na bila jeshi. Ndio wanaoitwa masihi wa Mungu, yaani wapakwa mafuta wake, mahali hapo, na wanaokemewa wasiwaguse ni wafalme. Kwa maneno mengine, ni mstari wa kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye mamlaka. Anayeutumia kumfunga mdomo mtu aliyesimama kumsemea mjane ameugeuza ukamlinde yule yule ambaye Zaburi ilikuwa inamwonya.

Wengi hutaja pia mfano wa Daudi aliyekataa kumdhuru Sauli. Ni kweli, Daudi hakumwua mfalme. Lakini baada ya kukata upindo wa vazi lake pangoni, alitoka nje akasimama mbele ya majeshi, akamwita kwa sauti, akamwonyesha kile kipande cha nguo na kumwomba Bwana aamue kati yao. Hakumgusa kwa upanga, na wala hakunyamaza. Na tusisahau ni nani waliokuwa pamoja naye katika pango la Adulamu: 1 Samweli 22 inasema walimwendea wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, wapatao 400. Utawala unapoharibika, hao ndio huwa wa kwanza kukosa pa kukaa.

Hukumu iliyo wazi kuliko zote iko katika Ezekieli 34. Nabii anawashtaki wachungaji wa Israeli kwamba wamejilisha wenyewe, wamekula mafuta na kuvaa manyoya, na kisha anataja makosa yao moja moja: aliye dhaifu hawakumtia nguvu, mgonjwa hawakumponya, aliyevunjika hawakumfunga, aliyepotea hawakumtafuta. Hakuna mahali katika sura hiyo wanaposhtakiwa kwa mahubiri mabaya au kwa ibada iliyopoa. Uongozi wao unapimwa kwa hali ya kondoo aliye dhaifu kuliko wote, na kwa kipimo hicho nyumba yenye bati jipya na gari jipya haviwezi kuwa ushahidi wa utumishi mwema wakati mtoto wa shule amekaa barazani bila viatu.

Kuhusu haki ya kudai hesabu, nakuomba usome Nehemia sura ya 5 pamoja na wazee wenzako. Watu walimlilia Nehemia, aliyekuwa liwali (gavana) wa Yuda, kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, na wengine walikuwa wameanza kuwatoa wana wao na binti zao utumwani. Nehemia hakuwauliza ni nani aliyewachochea. Alikasirika kwa ajili yao, akawakemea wakuu hadharani, akawaapisha kurudisha mali. Kisha akatoa hesabu yake mwenyewe bila kuombwa: kwamba kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, wakati waliomtangulia walikuwa wakichukua chakula, divai na shekeli 40 za fedha, na kwamba meza yake ya kila siku ilihitaji ng'ombe mmoja na kondoo wazuri sita kwa ajili ya watu 150, lakini hakuidai kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Kiongozi mcha Mungu huzitaja tarakimu zake mwenyewe. Samweli naye, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya taifa zima na kuuliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa na ni punda wa nani, na watu wakamjibu. Ikiwa Samweli aliona inafaa kuulizwa, sioni ni kwa sababu gani mtumishi wa siku hizi ajione ametukanwa.

Liko pia Matendo ya Mitume 6, ambalo ni tukio la usharika wenu kabisa. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume, waliokaa na Yesu mwenyewe, hawakusema kwamba manung'uniko ni uasi. Waliitisha mkutano wa wanafunzi wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Yatazameni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kanisa liliikabidhi kazi kwa watu wa upande ule ule uliodhulumiwa, likawaamini na chakula cha wote. Tena hapo ndipo mwandishi anaposema kwamba Neno la Mungu likaenea.

Kanisa la kale liliendelea hivyo kwa muda mrefu. Askofu Korneli wa Roma aliandika karibu mwaka 251 barua ambayo mwanahistoria Eusebio ameihifadhi, akieleza ukubwa wa kanisa la mji ule: makasisi 46, mashemasi 7, watumishi wengine wa ngazi za chini, na wajane pamoja na wenye shida zaidi ya 1,500. Amewahesabu wote katika orodha moja. Hawa 1,500 walikuwa sehemu ya kanisa lenyewe, nalo lilijua idadi yao. Je, usharika wako leo unajua idadi ya wajane wake kama unavyojua idadi ya wanakwaya?

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo, unayo haki ya kudai hesabu, na kwa nafasi yako ya mzee wa kanisa huo ni wajibu wako. Ila fuata utaratibu wa 1 Timotheo 5: mashtaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Mstari huo unamlinda mchungaji dhidi ya uzushi. Mstari unaofuata unaagiza kwamba wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote, na huo nao usirukwe.

Mhasibu Muumini, Mwanza

Nashukuru kwa maelezo ya Mhubiri. Mimi nitasema machache kuhusu daftari, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa ninaamini kwamba hesabu iliyo wazi ni sehemu ya upendo kwa maskini.

Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba amemtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na anatoa sababu: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama hiyo kubwa, kwa maana wanajali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Huyu ni mtume. Hakusema kwamba Mungu anaujua moyo wake na inatosha. Tukumbuke pia kwamba katika kundi la wanafunzi 12 aliyeshika mfuko alikuwa Yuda, na Injili ya Yohana 12 inasema kwamba alikuwa akivichukua vilivyotiwa humo huku akizungumza kwa bidii sana habari za maskini. Jina la maskini linaweza kutajwa kila mwisho wa mwezi na fedha yao isiwafikie.

Kwa hiyo, Mwalimu, katika mkutano mkuu wa usharika usiombe jambo la jumla kama "uwazi". Omba mambo yanayoweza kuandikwa katika muhtasari. Omba mfuko wa diakonia uwe na akaunti yake, wenye kutia sahihi wawe watatu na fedha isitoke bila sahihi za wawili. Omba sadaka zinazotumwa kwa simu ziende kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi, hata awe mtakatifu namna gani, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi za makanisa zinapopotelea siku hizi bila hata mtu kukusudia kuiba: leo amekopa nauli, kesho ameongeza ada ya mwanawe, na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kutenganisha kilicho chake na kilicho cha Mungu. Omba mkaguzi atoke nje ya usharika. Na omba jumla ya mapato na matumizi isomwe kanisani kila mwezi, lakini majina ya waliosaidiwa yasisomwe. Nimewahi kuona wajane wakiitwa mbele kupokea sabuni huku wakipigwa picha. Waliona aibu, na wawili kati yao hawakuja tena ibadani. Daftari lenye majina liwepo, likaguliwe na watu wachache wanaojua kutunza siri.

Kuhusu vijana wanaotaka kuzuia sadaka zote, ninawaelewa, lakini sikubaliani nao. Sadaka ikizuiwa, wa kwanza kuumia atakuwa mlinzi na mfagiaji wa kanisa, na mwenye gari ataendelea kuwa na gari lake. Tena mchungaji naye anastahili kula; sura ile ile ya 1 Timotheo 5 inasema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Njia ninayoiona sawa ni kutoa kwa kutaja kusudi: bahasha iandikwe "wajane", apewe mweka hazina kwa stakabadhi, na stakabadhi ikikataliwa, iandikwe hivyo na ipelekwe ngazi inayofuata. Makanisa yetu yana katiba na ngazi zake, na taasisi za dini nchini Tanzania zimesajiliwa kwa mujibu wa sheria. Mkianza na katiba yenu wenyewe na kuzifuata ngazi zote, hakuna atakayeweza kuwaita waasi.

Na je, mnaweza kuwapelekea wajane moja kwa moja? Mnaweza, na mwanze mara moja, kwa sababu mtoto yule hawezi kusubiri mkutano mkuu ili apate viatu. Kumbukumbu la Torati 14 liliagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Nia yake ilikuwa chakula kiwe karibu na mwenye njaa. Hata hivyo, msilifanye kila mtu kivyake. Msaada wa mtu mmoja mmoja humfuata yule anayejua kushukuru vizuri, au anayeishi kando ya barabara, na yule bibi mkali wa ulimi aliye bondeni husahaulika. Jumuiya yenu ikae, iandike orodha, igawane nyumba. Kwa jinsi ninavyoona mimi, msaada ambao jumuiya nyingi huudharau na ungefaa kuliko unga ni bima ya afya: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kaya ya bibi mwenye wajukuu watatu ingeingia humo.

Mkatekista, Goma

Ndugu zangu, ninawasalimu kwa jina la Kristo. Nimesoma mambo ya akaunti na sahihi, na ninayakubali. Lakini ninapoishi mimi, ng'ambo tu ya mpaka kuna Gisenyi, na historia ya pale inanilazimisha kuongeza neno kuhusu viongozi ambao kushindwa kwao hakukuwa kwa fedha.

Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, Watutsi zaidi ya 1,500 walikimbilia katika kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Walikwenda huko kwa sababu katika miaka ya nyuma watu waliokimbilia makanisani walinusurika. Aliyekuwa akiisimamia parokia alikuwa Padre Athanase Seromba. Tarehe 16 Aprili kanisa lilibomolewa kwa buldoza watu wakiwa ndani. Padre huyo baadaye alikwenda Italia, akahudumu parokiani huko, kisha akajisalimisha na kushitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwezi Machi 2008 kitengo cha rufani cha mahakama hiyo kikaongeza adhabu kuwa kifungo cha maisha, kwa kuwa kiliona kwamba yeye mwenyewe aliukubali uamuzi wa kulibomoa kanisa. Makanisa ya Kiprotestanti nayo hayakusalimika na aibu hii: Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wa Kanisa la Waadventista huko Mugonero, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2003.

Sasa mtazameni mtu mwingine wa mwezi ule ule. Félicité Niyitegeka alikuwa mwanamke mlei, Mhutu, aliyefanya kazi katika kituo cha Kikatoliki cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Hakuwa na daraja takatifu wala cheo. Aliwaficha Watutsi waliomkimbilia, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka kuja huku kwetu. Ndugu yake, ambaye alikuwa afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa peke yake. Alimwandikia kwamba hataweza kuwaacha watu aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa wanaoitwa Imena.

Ninaposoma swali la Mwalimu kuhusu kunyamaza, ninawafikiria watu hawa wawili. Waliungama imani moja, katika nchi moja, mwezi mmoja. Aliyepakwa mafuta alilitoa kundi, na mtu asiye na cheo chochote akalitunza mpaka kufa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba uongozi ukiharibika, waumini wasubiri mpaka Mungu ainue kiongozi mwingine. Utunzaji wa mnyonge haukukabidhiwa ofisi peke yake. Matendo ya huruma ya Mathayo 25, kulisha, kuvika, kutembelea, hayahitaji barua ya uteuzi, na Mwana wa Adamu katika sura ile hamuulizi mtu yeyote alikuwa na cheo gani.

Niongeze kwamba kukiri kwa kanisa kulichelewa, na kuchelewa huko kuliwaumiza walionusurika. Maaskofu wa Rwanda walisoma barua ya kuomba radhi parokiani mwezi Novemba 2016, miaka 22 baada ya mauaji, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi na upungufu wa kanisa na watu wake. Wengi waliostahili kuyasikia maneno hayo walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mwalimu, ikiwa viongozi wenu wako tayari kusema "tumekosa", wasaidieni kulisema mapema, wajane wale wakiwa hai.

Mama wa Sunday School, Kilifi

Mimi nakubaliana na wote waliotangulia, ila nina neno moja la kupinga. Mmesisitiza ngazi, mashahidi wawili na mkutano mkuu. Kwa habari ya fedha, sawa. Kwa habari ya mwili wa mtu, hasa mtoto, ngazi za kanisa zinaweza kuua.

Mimi ni wa kaunti ambayo msitu wake wa Shakahola umejulikana duniani kote tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, ambao inadaiwa walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa. Mackenzie na wenzake walikana mashtaka, na miongoni mwa mashtaka hayo kuna mauaji ya watoto 191. Jambo ninalotaka kulisema liko wazi hata bila kuingia katika kesi hiyo: mtoto hakuchagua kanisa. Aliletwa. Na watu wazima waliomzunguka walikuwa wamezoezwa kuona kwamba kumwuliza mtumishi wa Mungu ni kumwuliza Mungu.

Kwa hiyo mtu akijua kwamba mtoto, mgonjwa au mzee anapigwa, ananyimwa chakula, anakatazwa dawa au anaharibiwa katika nyumba ya kanisa au ya kiongozi, asianze kwa baraza la wazee. Aende polisi na ofisi ya watoto. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, Kenya na Tanzania pia. Mchungaji asiye na hatia hatapoteza kitu kwa uchunguzi wa siku chache, na mtoto aliye hatarini anaweza kupoteza yote kwa uvumilivu wa siku hizo hizo.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Nawashukuru nyote, na nimewasomea majibu haya wazee wenzangu wawili. Mmoja alinyamaza muda mrefu aliposikia habari ya Zaburi ya 105, kisha akasema yuko tayari kuwa shahidi wa pili. Tumekubaliana kumwendea mchungaji nyumbani kwake kwanza, sisi watatu, kwa heshima, tukiwa na maombi yaliyoandikwa, na asipotupokea tutayaingiza katika ajenda ya mkutano mkuu kama katiba inavyoruhusu. Wakati huo huo jumuiya yetu imeanza orodha yake. Bibi wa mayai ni wa kwanza katika orodha, na vijana waliokuwa wakitaka kuzuia sadaka wamejitolea wenyewe kushona sare ya mjukuu wake, jambo ambalo limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Nina swali moja limebaki, kwa ndugu Mhasibu. Tumefikiri kumweka mjane mmoja katika kamati ya mfuko, kwa kufuata mfano wa Matendo 6. Lakini wajane wenyewe wanaogopa. Wanasema atakayekubali ataonekana ni adui wa mchungaji, na msaada wake ukiwahi kurudi utakuwa wa mwisho kutolewa. Tufanyeje?

Mhasibu Muumini, Mwanza

Wekeni wajane wawili, Mwalimu, wala msimweke mmoja; na wachaguliwe na wajane wenzao katika kikao chao, bila mzee yeyote kuwapo. Kiwango cha msaada wao na cha kila mwenye kuorodheshwa kiandikwe katika muhtasari kabla hawajaanza kazi, ili kupunguzwa kwake kuhitaji uamuzi wa kikao na sababu iliyoandikwa, na kisiwe tena mikononi mwa mtu mmoja. Tena msiwape kazi ya kumhoji mchungaji. Hiyo ibaki yenu ninyi wazee. Kazi yao iwe kusema nani amefikiwa na nani hajafikiwa, kila mwezi, kabla fedha ya mwezi unaofuata haijatolewa.

Na sehemu ya kutilia sahihi ya wale wasiojua kusoma, asomewe kila mmoja kiasi alichoandikiwa, mbele ya mmoja wa wajane hao wawili, kabla hajaweka dole gumba.